Mabomba ya maji taka yanayovuja katika nyumba za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeishi katika nyumba kongwe ya pwani: nyumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, au zile za Dar es Salaam na Tanga zilizojengwa kabla mabomba ya PVC hayajazoeleka. Nyumba hizi zinatengenezeka. Zinazoharibika haraka ni zile ambazo fundi alianza kuvunja kabla hajajua maji yanatoka wapi, akaziba pasipovuja, akapiga plasta, akaondoka.

Nitajuaje kama kinachovuja ni bomba la maji taka na si la maji safi?

Bomba la maji safi lina presha, kwa hiyo likitoboka linavuja usiku na mchana, watu wawepo wasiwepo. Bomba la maji taka huwa tupu muda mwingi. Linapitisha maji kwa dakika chache tu, mtu anapooga, anapoosha vyombo au anapoflashi choo. Doa linalokolea asubuhi na jioni, kisha likafifia familia ikisafiri, mara nyingi ni la maji taka.

Uhakika upate hivi: funga koki zote, zuia tangi la choo lisijaze, kisha tazama mita. Ikizunguka, maji safi yanapotea mahali. Kama mnatumia tangi la juu, funga maji yanayoingia, weka alama ya kina cha maji usiku na uangalie alfajiri kabla mtu hajatumia. Penye mgao wa maji kuna dalili nyingine: ukutani pakilowa siku za mgao peke yake, shida iko kwenye bomba safi linaloleta maji kabla hayajafika tangini.

Je, unyevu wote ukutani ni bomba?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mvua za masika na vuli huingia kwenye nyufa za paa na za ukuta wa nje. Mpira wa kiyoyozi hutiririsha maji kimyakimya nyuma ya ukuta. Halafu kuna chumvi. Mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani vina chumvi, na ukuta wenye chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hasa hewa ikiwa nzito. Utaona unga mweupe unamomonyoka na doa linalorudi bila bomba lolote kuwa karibu.

Chukua daftari. Andika tarehe, saa, kama mvua imenyesha, nani ameoga na bafu lipi limetumika. Wiki mbili za kuandika kwa uaminifu zinaweza kukuonyesha mengi kuliko fundi aliyekuja na tindo mkononi. Na chora doa kwa penseli ukingoni mwake kila unapoliangalia. Mistari hiyo ndiyo itakayokuambia kama linakua.

Doa liko katikati ya dari ya sebule, lakini bafu la juu liko pembeni kabisa. Inawezekanaje?

Maji hufuata njia rahisi. Sakafu ya juu ya nyumba ya mawe imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe bapa, kisha zege zito la chokaa. Maji yakipenya hapo hutembea ndani ya zege, yakifika kwenye boriti hufuata urefu wake, na hudondoka pale yanapokuta nundu au ufa. Umbali wa mita mbili au tatu kutoka kwenye tundu hadi kwenye tone ni jambo la kawaida.

Kwenye slabu ya zege la nondo ni hivyo hivyo: maji hutokea kwenye ufa au pale waya wa taa ulipopitishwa. Yakitokea kwenye taa, zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu kabla ya kufanya lolote.

Basi anza kutafuta juu ya doa, kisha rudi nyuma kuelekea kwenye bafu, choo au jiko lililo karibu zaidi.

Nawezaje kupima mwenyewe bila kuvunja chochote?

Unahitaji rangi ya chakula, tishu kavu, tochi, ndoo na mtu wa pili wa kukaa chini akitazama. Kanuni ni kupima kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kupumzika kabla ya kinachofuata. Ukimwaga maji kila mahali kwa pamoja hutajua lolote.

Anza na sinki la kunawia. Ziba tundu lake, lijaze, subiri. Pakilowa chini maji yakiwa bado yamo sinkini, kinachovuja ni sinki lenyewe au pete inayozunguka tundu lake. Kama bado ni pakavu, achia maji yote yaende kwa kishindo. Maji mengi yanayoshuka kwa pamoja hujaza bomba na kufichua maungio ambayo mtiririko mdogo huyapita bila kuvuja. Pitisha tishu kavu kuzunguka kila ungio. Tishu huonyesha tone ambalo jicho halilioni.

Bafu linahitaji subira zaidi, kwa sababu kuna vitu viwili vinavyoweza kuvuja: bomba, au sakafu yenyewe. Sakafu ikiwa kavu, mimina ndoo ya maji yenye rangi moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni kwa mpira au faneli, bila kulowesha vigae. Subiri. Rangi ikitokea chini, bomba au trapu yake (ile kona iliyopinda inayobaki na maji) ndiyo yenye kosa. Kusipotokea kitu, siku inayofuata ziba tundu hilo kwa kitambaa kilichosokotwa na kufungwa kamba (kamba ibaki nje, la sivyo utatengeneza tatizo jipya), kisha lowesha vigae kwa maji yenye rangi nyingine. Yakitokea, bomba lako ni zima, na kazi ni ya vigae, viungo vyao na kinga ya maji iliyo chini yake. Usijaze bafu zima: maji ya kina cha sentimita 5 yana uzito wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na boriti zilizokwisha kulowa hazistahili mzigo huo.

Choo, tia rangi ndani ya bakuli na uflashi mara kadhaa mfululizo.

Kuhusu muda: chini ya sinki utajua ndani ya dakika chache. Kwenye slabu ngoja saa moja. Kwenye ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita, ngoja mpaka kesho yake. Watu wengi huwahi kusema "hapa hapavuji" na kuhamia kwingine, maji yakiwa bado njiani.

Nyumba yangu ina mabomba ya aina gani, na kila aina huharibikia wapi?

Chukua sumaku na sarafu. Sumaku ikinasa, ni chuma. Kama bomba ni nene, la inchi 4, lina vikombe vipana kwenye maungio na limepanda ukutani kwa nje mpaka juu ya paa, hilo ni la chuma cha kusubu, bomba kuu la choo la zamani. Ligonge kwa sarafu kutoka juu hadi chini: lililo zima hulia, lenye ufa au lililoliwa na kutu hutoa sauti butu. Likilazwa, chini yake huliwa na maji na uchafu unaokwaruza, na juu yake huliwa na gesi ya maji taka inayogeuka asidi kwenye ukuta wenye unyevu wa bomba. Kwa hiyo usishangae kukuta ufa mrefu mgongoni, mahali ambapo maji hayafiki. Upande unaotazama ukuta ndio unaosahauliwa. Rangi haijawahi kufika huko, hewa ya chumvi hukaa huko, na ndiko tundu linakojificha. Tumia kioo kidogo na tochi.

Bomba jembamba la chuma lenye rangi ya fedha iliyofifia ni la mabati. Huoza kuanzia ndani, na hufa kwanza kwenye nyuzi za maungio (mikato ya kuzungushia, kama ya skrubu), kwa sababu pale ndipo chuma kilipokatwa kikawa chembamba. Kuliziba ni kupoteza muda. Ukiziba ungio moja, linalofuata linavuja mwezi ujao. Libadilishe lote.

Bomba la udongo uliochomwa utalikuta ardhini. Lenyewe hudumu sana, lakini vipande vyake ni vifupi, kwa hiyo maungio ni mengi, na mizizi hupenda maungio. Bomba la kijivu lisilonasa sumaku na linalofanana na saruji ngumu huenda ni la asbesto. Soma jibu lake hapo chini kabla ya kuligusa.

PVC ya zamani nayo ina umri wake. Iliyokaa juani miaka mingi hupauka, hukauka na kuvunjika kwa pigo dogo. Ipake rangi nyeupe ya maji ikiwa bado nzima.

Dalili moja ya pwani isipuuzwe: mche wa mtini au mkuyu ukiota ukutani kando ya bomba kuu. Mbegu huletwa na ndege na zinaweza kuangukia popote, lakini mche unaonawiri kiangazi, umbali wa mita kadhaa kutoka ardhini, una mahali unapopata maji. Chunguza bomba hapo hapo, na uung'oe mche ukingali mdogo, kabla mizizi haijatenganisha mawe.

Inavuja kidogo tu. Kuna haraka gani?

Katika nyumba ya matofali na slabu, uvujaji mdogo huleta kutu kwenye nondo, zege hupasuka na kuanguka vipande. Ni polepole, na unaona dalili mapema.

Katika nyumba ya boriti haraka ipo. Mti wa mkoko ni mgumu ajabu ukiwa mkavu, na ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba hizi: urefu wake wa kufaa ni kama mita 3, kwa hiyo vyumba ni virefu lakini vyembamba. Kinachoushinda ni unyevu usiokauka, hasa kwenye ncha iliyozama ndani ya ukuta, ambako hewa haifiki na mchwa hufuata. Katikati ya boriti unayoiona inaweza kuwa nzima kabisa, huku ncha inayobeba kila kitu imekuwa unga. Juu yake kuna zege la chokaa, vigae vilivyoongezwa, pipa la maji na watu. Nyumba nyingi hazikujengwa na mabafu kwa wingi uliopo leo. Mengi yaliongezwa juu nyumba zilipogawiwa wapangaji, na mabomba yakapitishwa palipopatikana nafasi.

Chukua bisibisi, bonyeza boriti karibu kabisa na ukuta, chini ya bafu. Ikigoma, vizuri. Ikizama kwa mkono bila nguvu, acheni kutumia bafu hilo leo, toeni vitu vizito juu yake, wekeni mihimili ya muda chini na umwite fundi anayezijua nyumba za mawe. Bomba litafuata. Watu kwanza.

Chini ya sinki panadondoka. Nifanye nini?

Hii ni kazi yako mwenyewe. Weka ndoo, fungua trapu kwa mkono, isafishe, na tazama washa za mpira. Zikiwa ngumu, zimepasuka au zimekaa upande, nunua nyingine. Beba ya zamani dukani uilinganishe. Rudisha, kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa spana, basi. Kukaza kupita kiasi hupasua nati.

Tepu nyeupe usiizungushe kwenye nati zenye washa. Tepu ni ya nyuzi zinazoziba zenyewe. Penye washa, kinachoziba ni mpira, na tepu huuzuia usikae sawasawa. Ukikuta trapu imeviringwa tepu, silikoni na mfuko wa plastiki, jua kuna washa moja tu iliyokufa chini ya vyote hivyo.

Ungio la PVC linavuja. Naweza kupaka gundi kwa nje?

Gundi ya PVC hailali juu ya tundu ikaziba. Kazi yake ni kulainisha plastiki ya pande mbili mpaka ziungane zikiwa zimebanana. Ukiipaka nje ya ungio unapata ngozi nyembamba itakayoachia baada ya siku chache. Kata kipande chote chenye ungio bovu, weka kipya na soketi mbili. Kama mabomba hayasogei, tumia soketi isiyo na kizuizi ndani, inayoteleza juu ya bomba moja kisha kurudishwa katikati.

Kata kwa msumeno wa chuma, mkato uwe mnyoofu. Ondoa vinyuzi vya plastiki kwa kisu, piga msasa mwembamba, futa vumbi na unyevu. Jaribu bila gundi kwanza na uweke alama ya kalamu ionyeshe bomba linaingia kiasi gani na linaelekea wapi, kwa sababu gundi ikishapakwa una sekunde chache tu. Paka pande zote mbili, ingiza kwa kuzungusha kidogo, shikilia nusu dakika. Ukiweza, usipitishe maji mpaka kesho yake.

Bomba la chuma cha kusubu lina ufa. Lazima nitoe lote?

Si lazima. Ufa mmoja au tundu moja kwenye bomba linalolia vizuri kwingine kote linatengenezeka. Kwa leo usiku, sugua kutu mpaka chuma king'ae, kausha, kisha funga kipande cha mpira wa tairi kwa klempu mbili au tatu, au kanda epoksi ya chuma na kuijaza tunduni. Hiyo ni dharura, na iandikwe kama dharura. Hatari yake ni kwamba inafanya kazi vizuri kiasi cha kusahauliwa.

Matengenezo yenyewe ni kukata sehemu mbovu na kuweka kipande cha PVC ya inchi 4 kwa soketi za mpira zenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Kabla grenda haijawashwa, bomba lililo juu ya mkato lishikwe na mabano imara ukutani. Mita moja ya bomba hilo ina uzito wa zaidi ya kilo kumi. Bomba la ghorofa tatu likiachiwa bila mshiko linashuka lote, na chini yake kuna uchochoro wanamopita watoto.

Maungio ya zamani yalijazwa kamba yenye lami, juu yake risasi iliyoyeyushwa. Ungio likivuja kidogo, fundi mzoefu anaweza kuigongagonga risasi irudi kubana bila moto wowote. Kuyeyusha risasi nyumbani usikubali; moshi wake ni sumu, na kwa watoto ni sumu zaidi.

Ukigonga na kila sehemu inatoa sauti butu, acha viraka. Libadilishe kuanzia juu hadi chini kwa mara moja, na hakikisha bomba jipya linaendelea mpaka juu ya paa lipumue.

Naunganishaje PVC na chuma? Fundi anataka kuziba kwa saruji.

Mwambie asifanye hivyo. PVC hurefuka kwa joto: mita 3 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka takriban milimita 4, jua likizama hurudi. Saruji haifuati mwendo huo, hupasuka duara zima ndani ya miezi. Tumia soketi ya mpira yenye klempu, au kama PVC inaingia kwenye kikombe cha chuma, weka pete ya mpira ya saizi hiyo. Angalia pia vipimo: inchi 4 ya chuma na milimita 110 za PVC hazilingani kwa nje, kwa hiyo mpira uwe wa kuunganisha saizi mbili.

Choo kinavuja nyuma nikiflashi. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi ni pale mdomo wa choo unapoingia kwenye bomba. Zamani paliwekwa saruji au lami, na choo kikicheza kidogo tu paliachia. Dawa ni kiungio cha mpira cha choo, na kukaza choo kisicheze. Kufunga mpira mpya kwenye choo kinachotikisika hakusaidii.

Choo cha kuchuchumaa ni habari nyingine. Bakuli limezikwa ndani ya zege na ungio lake na trapu liko chini, halionekani. Jaribio la rangi likithibitisha, hapo kweli patavunjwa. Vunja mara moja, weka bakuli na trapu mpya, na uweke kinga ya maji chini ya vigae kabla ya kufunga.

Nadhani bomba langu ni la asbesto. Nifanye nini?

Likiwa zima, liache na ulipake rangi. Usilikate kwa grenda wala msumeno, usilipige msasa, usilitoboe. Vumbi lake lina nyuzi zisizoonekana ambazo zikikaa mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Likiwa limepasuka, litolewe kipande kizima kizima kwenye maungio yake, likiwa limeloweshwa maji, na wanaofanya kazi wavae barakoa za kuzuia vumbi laini, si zile za kitambaa. Mahali pa kulitupa waulize mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar, NEMA kwa Kenya.

Bomba la chini ya ardhi nitalipimaje?

Fungua chemba mbili zinazofuatana. Flashi choo utazame: maji yanayoingia chemba ya kwanza yanapaswa kutokea ya pili bila kusuasua. Yakituama, kuna kizuizi au bomba limezama. Kisha ziba tundu la kutokea kwenye chemba ya chini, jaza maji mpaka chemba ya juu, weka alama ya chaki na usubiri. Mabomba ya udongo na kuta za chemba hunywa maji mwanzoni, kwa hiyo acha yanywe saa moja au mbili, ongeza mpaka kwenye alama, ndipo uanze kuhesabu nusu saa. Yakishuka milimita chache, usijali. Yakishuka upana wa kiganja, kuna mahali yanatoka. Maji yasipande zaidi ya mita moja na nusu juu ya bomba. Maungio ya zamani hayakukusudiwa presha kubwa.

Mnapochimba na kulaza upya, chukueni pimamaji na uzi. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka takriban sentimita 2 kwa kila mita, yaani mita 6 zishuke sentimita 12. Laza juu ya mchanga, si juu ya mawe yatakayolichoma chini likibebeshwa udongo.

Na kuhusu shimo la karo: mtu asiingie ndani, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Gesi iliyomo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Kuna harufu lakini sioni maji popote.

Kwanza mimina ndoo ya maji kwenye kila tundu la sakafuni. Maji yanayobaki kwenye trapu, kina cha sentimita 5 hivi, ndiyo yanayozuia gesi ya karo isipande. Nyumba ikifungwa kwa miezi, kama zile ambazo wenyewe wako Muscat au London na huja likizo tu, maji hayo hukauka. Anayetunza funguo apite kila wiki mbili kuyajaza, na kijiko cha mafuta ya kula juu yake hupunguza kukauka. Harufu ikibaki, tafuta ufa upande wa juu wa bomba, au bomba la kupumulia lililozibwa na kiota.

Asidi na dawa kali za kuzibulia zinafaa?

Kwa nyumba ya zamani, hapana. Asidi hula chuma kilichokwisha kuwa chembamba, na ikipita kwenye ufa hula chokaa ya ukuta wako. Soda kali hupata joto ikikutana na maji na inaweza kulegeza plastiki. Kuchanganya asidi na dawa yenye klorini hutoa gesi ya sumu. Tumia pampu ya mpira, kisha waya wa kuzibulia, taratibu.

Maji taka yanaweza kuingia kwenye maji tunayokunywa?

Ndiyo, na hili linanihangaisha kuliko madoa yote ya ukutani. Wakati wa mgao, bomba safi la mtaani hubaki bila presha. Likiwa na ufa na likipita kwenye udongo uliolowa maji taka, huvuta uchafu ndani, na presha ikirudi uchafu huo ndio unaotangulia kwenye koki. Tangi la chini ya ardhi lenye ufa hupokea vivyo hivyo. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri hivyo. Bomba la maji taka likivuja karibu na tangi au bomba safi, chemsheni maji ya kunywa kuanzia siku hiyo hiyo, na tangi lisafishwe na kutiwa klorini baada ya matengenezo. Kisima kiwe mbali na karo; umbali unaopendekezwa sana ni mita 30, ingawa katika vichochoro vyetu ni wachache wanaoupata.

Bomba tunatumia na jirani, na nyumba iko eneo la hifadhi. Nianzie wapi?

Kwa jirani, kabla ya kwa fundi. Mwonyeshe doa, fanyeni jaribio la rangi pamoja, kila mmoja kwa bafu lake. Rangi ikitokea mbele ya macho ya wote hakuna wa kubishana naye, na gharama hugawanyika kwa amani. Kama nyumba ni ya wakfu au ya serikali, mpangaji apeleke taarifa kwa maandishi na picha zenye tarehe.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na Lamu tangu 2001. Kubadilisha washa hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kupitisha bomba jipya nje ya ukuta, kutoboa ukuta mkuu au kubadilisha boriti kunahitaji. Uliza kwanza kwenye mamlaka ya hifadhi ya mji wako.

Kwa fundi yeyote, kubalianeni mapema kwamba hakuna plasta wala vigae mpaka jaribio la rangi lirudiwe mbele yako, na sehemu ya malipo ibaki hadi hapo. Fundi mzuri hatakasirika. Piga picha mabomba yakiwa wazi, na futi ya kupimia ionekane pembeni. Atakayetoboa ukuta huo baadaye ataihitaji.

Bomba limetengenezwa. Lini nipige plasta na rangi?

Baadaye kuliko unavyotamani. Ukuta wa mawe wa nusu mita uliolowa miaka unaweza kuchukua miezi mingi kukauka, hata mwaka mzima. Ondoa plasta iliyooza, fungua madirisha, na unga mweupe wa chumvi unaojitokeza upanguse kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani.

Plasta iwe ya chokaa na mchanga usio wa baharini. Saruji hufungia unyevu ndani, ukapanda juu zaidi au kurudi kwenye ncha za boriti, na ikibanduka huondoka na uso wa jiwe. Rangi ya mafuta vivyo hivyo, paka chokaa. Kama unataka kujua ukuta umefikia wapi, bandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote nne jioni, ukifunue asubuhi. Ukikuta matone upande wa ukutani, ngoja bado. Na ile mistari ya penseli uliyochora kuzunguka doa usiifute mpaka msimu wa masika upite.